Kisa cha babu aliyefunga siku za tashriki

Ruhusa ninayo. Nilimfuata mwenyewe barazani kwake nikamwambia babu nataka niandike yale yaliyokukuta, jina lako sitaji wala mtaa sitaji, na vitu viwili vitatu nitavibadili usijulikane. Akakaa kimya anajikuna goti, halafu akasema andika mwanangu, ila usiandike kwamba nilikua na njaa, andika nilichelewa kula. Nikamwambia sawa. Kwa hiyo ujue mapema kabisa kwamba huyu mzee alichelewa kula. Alichelewa kama miezi saba hivi.

Mimi nauza dawa, nina kaduka kangu Ujiji, kwenye njia za kushukia ziwani, sio mbali sana na pale wanapoonyeshwa wageni kwamba hapa ndo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Babu ni fundi cherehani. Miaka 73, mkewe kafariki mwaka wa nne sasa, anaishi na mjukuu wake wa kiume wa miaka kumi anasoma darasa la nne. Zamani ukiiona kanzu ina darizi safi shingoni kwenye swala ya Idi hata huulizi imeshonwa na nani, watu walikua wanavuka ziwa kutoka Uvira na Kalemie wanakuja kupimwa kwake, wengine wanashuka kutoka Bujumbura, na yeye alikua hapokei haraka haraka, anakwambia rudi Jumatano, na Jumatano kweli unaikuta imepigwa pasi inaning'inia. Hiyo ndo sifa yake, hakuwahi kumdanganya mteja siku, na nyie mnajua mafundi cherehani walivyo.

Kisukari alikua nacho miaka tisa mpaka wakati huo. Mwanzo mambo yalienda vizuri tu, dawa anakunywa, kazi anafanya. Zilipoanza kuingia kanzu za dukani zilizokwisha shonwa tayari zikamla kidogo kidogo kibiashara, lakini kilichommaliza sio hizo, ni ganzi. Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi bila kushikwa vizuri kinaharibu mishipa ya fahamu, kawaida ganzi inaanzia miguuni, ikizidi inakuja na vidole vya mikono, na macho nayo yanaanza kuona ukungu. Fundi asiyesikia vidole. Kuna siku alikua anamalizia kanzu nyeupe ya bwana harusi, anashona kola kwa mkono, sindano ikamwingia kidoleni hakusikia, akaendelea kushona, alipokuja kuinua kitambaa kuna madoa ya damu yamefuatana kama mtu kapanda mbegu kwenye mstari. Alinunua kitambaa kingine kwa hela yake akashona upya usiku kucha. Toka hapo nyeupe akawa hapokei. Ukimuuliza anakwambia nyeupe siku hizi zinashika vumbi sana. Mimi habari ya damu nimekuja kuijua mwaka jana tu, na sio kwake, ni kwa huyo bwana harusi.

Sasa kuna kitu nakijutia mpaka leo, ni daftari langu la mauzo. Baada ya yale yote kutokea nililitoa nikaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Mwanzo wa mwaka babu ananunua vidonge 60 vya metfomini na 30 vya glibenklamidi, ndo dawa zake za kisukari, dozi ya mwezi mzima. Miezi miwili mbele, 30 na 15. Halafu kumi kumi. Halafu anamtuma mtoto na shilingi mia tatu, "babu kasema mpe za leo na kesho." Nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu, tarehe kwa tarehe, vidonge vinapungua kama maji ya mtungi uliopasuka, na kila siku namkatia mtoto vidonge namfungia kwenye kikaratasi namwambia msalimie babu. Sikuuliza. Kusema ukweli niliona kama heshima, mtu mzima ana bajeti yake mimi nani nimuulize. Kama kuna mtu wa kwanza wa kulaumiwa kwenye hiki kisa basi ni mwenye duka.

Na kweli ilikua ngumu kumshuku, maana babu hakukonda kwa siri, alikonda na sababu yake mkononi. Alikua anafunga. Kila mtu mtaani anajua mzee yule anafunga sunna, Jumatatu na Alhamisi, na siku tatu zile za katikati ya mwezi. Ukimkaribisha chai asubuhi anaweka mkono kifuani anatabasamu, "nimefunga baba." Ukipita saa saba mnakula ubwabwa barazani, "nimefunga." Watu wakawa wanamsifu, vijana wakaambiwa muoneni mzee na maradhi yake bado anafunga nyie wazima mmelala. Nani atamwambia mtu punguza ibada? Hata mimi niliyejua ana kisukari nilimwambia mara moja tu babu dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, akanijibu kwa upole mwanangu Mungu ananijua. Nikanyamaza nikaona nimeingia kwenye shamba sio langu.

Kliniki ndo mambo yalipoharibika, na hapa naomba usome taratibu maana ndo moyo wa kisa chenyewe. Siku ya kliniki babu anavaa ile kanzu yake ya rangi ya maziwa aliyojishonea mwenyewe, kofia ya kazi ya mkono, mafuta mazuri, fimbo. Anafika mapema, anasalimia wote. Ukimuona pale foleni utadhani ndo aliyejenga hilo jengo. Daktari kijana anampima sukari anakuta 18, iko juu sana. Anamuuliza mzee wangu dawa unakunywa? Babu anasema nakunywa zote kama ulivyoandika. Sasa daktari afanye nini, kwenye karatasi kuna mtu anakunywa dawa zote na sukari bado 18, maana yake dawa hazitoshi, anaongeza. Glibenklamidi ilikua kimoja asubuhi, ikawa viwili asubuhi na kimoja jioni. Kumbe babu kati ya siku saba alikua anakunywa siku mbili. Karatasi ikaandikiwa mgonjwa mwingine kabisa, mgonjwa ambaye hayupo, mwenye hela ya dawa na sahani ya chakula mara tatu kwa siku. Yule mgonjwa wa kwenye karatasi babu alimtengeneza mwenyewe, kama alivyotengeneza kanzu.

Na dozi ile kubwa isingemfanya kitu kwa sababu hela ya kuinunua hana. Hatari ilikuja na mtu mwema.

Wakati wa Idi ya kuchinja alikuja kijana mmoja wa hapahapa, anafanya kazi Dar, babu alimshonea kanzu ya kwanza akiwa mtoto wa madrasa. Akampitia kumsalimia, akaona hali, na huyu kijana ana akili sana, hakumpa hela. Akamwambia fundi mimi nina deni lako la kanzu mbili toka mwaka ule sijakulipa, na hela hii ukiipokea utawapa wajukuu, ngoja nikununulie dawa. Deni lenyewe halikuwepo, alikuja kunikiri baadae. Akaja dukani na cheti cha babu, akanunua dozi ya miezi miwili kamili, kama ilivyoandikwa, noti juu ya meza. Na mimi nikafurahi! Nikamfungia kwenye mfuko mzuri, nikaandika na peni asubuhi viwili jioni kimoja, nikapigia mstari.

Babu kwa uaminifu wake akaanza kunywa vyote kama ilivyoandikwa. Mtu kakununulia dawa huwezi kuzichezea. Ila chakula ndani hamna.

Kwa asiyejua, glibenklamidi sio kama metfomini. Metfomini ukiinywa yenyewe ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi yenyewe inalisukuma kongosho litoe insulini, na inasukuma uwe umekula au hujala, haiulizi. Ukiinywa ukala, sukari inatoka kwenye chakula inakutana na insulini, mambo safi. Usipokula, insulini inakwenda kuchukua kile kidogo kilichobaki kwenye damu, mpaka ubongo unakosa. Na kwa wazee ni mbaya zaidi maana figo zimeshachoka, dawa inachelewa kutoka, inaweza kukaa mwilini siku nzima inaendelea kufanya kazi. Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 4 tayari ni hatari.

Ilikua siku ya pili baada ya Idi, saa tano kasoro asubuhi. Mtoto akaja mbio hana hata ndala, akasema "Babu anaongea na bibi."

Nikachukua kimashine cha sukari nikaacha duka wazi. Nimemkuta kakaa kwenye mkeka kaegemea cherehani, kanzu ya ndani imelowa jasho chapachapa kama katoka kuoga, mikono inatetemeka, anaongea kweli, anamwambia marehemu mkewe asichelewe kufungua mlango mteja anasubiri. Watu wameshajaa. Mmoja anasema presha, mwingine kiharusi hicho muangalieni mdomo, mama mmoja anasema yamempanda hayo, aitwe shekhe. Nikamchoma kidole. Hakushtuka hata kidogo, ganzi ile. 2.1.

Nikasema leteni sukari na maji. Nikakoroga vijiko vitatu kwenye kikombe, nikamuwekea mdomoni, kumeza alikua bado anaweza kwa hiyo nilikua na haki ya kumnywesha (angekua kazimia usingemtia kitu mdomoni, angepaliwa, pale ni kukimbiza hospitali tu wakamtundikie maji ya glukosi). Akafumba mdomo. Akageuza uso. Ananisukuma na mkono hauna nguvu hata ya kumsukuma nzi, anasema "nimefunga. Nimefunga mwanangu."

Umati ukaanza kugawanyika, hivi ndo tulivyo, wapo walioanza kusema muacheni mzee asifunguzwe kwa nguvu. Mimi nalia na kikombe mkononi. Basi muadhini wetu, mzee mmoja mwembamba hana maneno mengi, alikua kasimama mlangoni, akaingia akachuchumaa akamwambia sikioni lakini sote tulisikia: "Fundi, leo tarehe 12 mfunguo tatu. Hizi siku za tashriki. Hakuna funga leo, ni haramu, unajua wewe, ulinifundisha wewe."

Pakawa kimya. Maana siku tatu baada ya Idi kubwa haifungwi, ni siku za kula na kunywa, mtoto wa madrasa anajua. Na babu alikua ametuambia kafunga jana yake pia, mama wa nyumba ya pili alipoleta bakuli la nyama. Alikua amefunga siku ambayo mtu hafungi. Naona kila mtu pale ndani alikua anahesabu kichwani siku zote alizowahi kuambiwa nimefunga, na mimi nikahesabu, Jumanne, Jumamosi, Ijumaa peke yake. Babu akafungua mdomo akanywa. Baada ya robo saa nikapima tena ikawa 3.4, nikampa tena, ikapanda. Jicho likarudi, akatuona tulivyojaa mle ndani, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuta shuka kufunika sufuria iliyokua pembeni ya mkeka. Ilikua tupu, imeoshwa, imekauka.

Hospitali tulimpeleka hivyo hivyo ingawa yeye alisema kapona, kwa sababu dawa ile nimeshasema inakaa, ukimpa sukari akachangamka ukamuacha, saa nne mbele anadondoka tena na safari hii usiku hamna mtu. Alilala na dripu. Na kweli usiku ilishuka tena mara moja.

Asubuhi ndo likaja suala la malipo, na hapa kuna mazungumzo sitayasahau. Sera ya afya ya 2007 inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Utaratibu ni barua ya mtendaji, unaonana na afisa ustawi wa jamii, unajaziwa. Yule dada wa ustawi alikuja na heshima zote, shikamoo baba, kakaa chini kabisa, akamweleza. Babu akaomba asomewe karatasi. Akasomewa mpaka penye "asiye na uwezo." Akasema hapo pafutwe. Dada akasema baba hapafutiki ndo fomu ilivyo. Babu akasema, "Mimi uwezo ninao. Pesa ndo sina." Dada akacheka kidogo akidhani utani. Haukua utani, hakusaini. Tulichanga mimi na muadhini, na mpaka leo ananilipa ile hela kidogo kidogo, jero jero, nikikataa ananinunia wiki.

Watu wakisikia hiki kisa wanasema mzee ana kiburi. Mimi hilo neno nalikataa. Kiburi ni kumdharau mwenzio, huyu hajamdharau mtu. Nilikaa na mama wa nyumba ya pili, yule wa bakuli la nyama, akanifungua macho. Akasema tatizo sio nyama, tatizo ni bakuli. Huku kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa futari unarudisha chombo na chochote, hata maembe matatu, hata chumvi. Marehemu mkewe alikua hawezi kulala na chombo cha mtu ndani. Sasa babu akipokea bakuli anarudisha na nini? Kwa hiyo anakataa bakuli. Na ukikataa bakuli lazima uwe na sababu isiyomuudhi mtu, na sababu pekee ambayo haimuudhi mtu wala haiulizwi swali la pili ni funga. Nikaona kumbe mzee alikua na hesabu kali, kila mlango aliufunga kwa komeo ambalo hakuna mwenye ujasiri wa kulitikisa.

Shekhe alinikumbusha kwamba kwenye Baqara wametajwa mafukara wa namna hii hii, ambao asiyewajua anawadhania matajiri kwa vile wanavyojizuia kuomba. Akasema na sisi tulikua hatumjui, na tunaswali nae safu moja.

Babu ana mtoto wake wa kumzaa, nae yuko Dar, sio yule kijana wa dawa. Nilimpigia, namba nilipewa na yule dogo mjukuu. Alikaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani imekatika. Akasema dada mimi kila Ijumaa nampigia, ananambia kazi zimejaa, juzi kanambia ana oda ya kanzu 20 za Kalemie, nikaona nisimtumie hela mzee ataona namdharau. Ndo hivyo. Baba anamlinda mtoto, mtoto anamlinda baba, na mjukuu katikati anakula ugali wa babu yake, maana kilichokua kinapikwa mle ndani alikua anapewa yule dogo chote. Hakuwahi kulala njaa yule mtoto. Hilo nalo liandikwe.

Tulivyotoka hospitali tukaanza kuharibu upya. Kina mama wa mtaa walichanga wakapeleka kapu, unga, mafuta ya mawese, dagaa, sabuni, wakaenda saba na vigelegele kidogo. Walipokelewa vizuri, wakashukuriwa. Jioni kapu likaonekana madrasa, kalipeleka sadaka kwa watoto. Mwenyekiti akaleta habari ya TASAF, ule mpango wa kunusuru kaya maskini. Majina yanapitishwa kwenye mkutano wa hadhara, yanasomwa watu wanasema huyu kweli huyu hapana, na sababu ya kusoma hadharani ni nzuri, watu wasiingizane kwa kujuana, mimi mwenyewe ningetaka yasomwe. Ila mfikirie mtu aliyevalisha nusu ya ule mkutano kanzu za harusi, asimame jina lake lisomwe chini ya neno kaya maskini na wateja wake wanyooshe mikono kwamba kweli. Akasema siku hiyo atakua na safari. Safari ya wapi? Safari.

Ila kuna siku aliniuliza kitu. Alikua amesikia redioni, akasema hivi ni kweli Unguja wazee wanapewa pensheni hata ambao hawakuajiriwa? Nikamwambia kweli, Zanzibar walianza 2016, mtu wa miaka 70 na kuendelea.
"Wanaandika barua kwa mtendaji?"
"Hapana babu, ni umri tu na ukaazi."
"Na matajiri?"
"Na matajiri wanapewa."
Akafikiri. "Ile ningechukua."

Hapo ndo nikaelewa kwamba tulikua tunashughulika na kitu sicho. Tulikua tunahangaika na kiasi, unga kilo ngapi dawa za miezi mingapi, na yeye shida yake ni mlango wa kuingilia hicho kitu. Yule kijana wa Dar aligundua bila kusoma popote, akasema deni, na dawa zikapokelewa. Bahati mbaya zilikua dawa na sio wali.

Basi nikaanza na alichonacho. Babu ana cherehani mbili, ile ndogo na ile ya mguu ya chuma nyeusi, Singer, imekaa imefunikwa gunia toka habari ya damu. Nina binamu yangu wa kike katoka chuo cha ufundi anatafuta pa kushonea, hana cherehani hana fremu. Nikampeleka, nikamfundisha aseme nini, akaenda akapiga magoti pale barazani, "shikamoo babu, naomba kukodi cherehani yako na kujifunza kukata kanzu." Babu akamuuliza maswali kama polisi. Akamwambia utalipa 2,000 kwa siku ukikosa kazi hulipi, sitaki dhuluma. Na mwanafunzi wangu anakula kwangu, fundi na mwanafunzi wanakula sahani moja ndo nilivyofundishwa na mimi. Binti akasema sawa babu ila kupika nipike mimi. Akasema hilo ni jambo lako.

Umeona? Sahani imeingia mle ndani na hakuna wa kuirudishia kitu, maana ni sahani ya kazi. Binti ananunua anapika, ugali wa muhogo na sombe ya mawese, siku ikikaa vizuri mgebuka, na babu anakula kwa sababu asipokula mwanafunzi hawezi kuanza kabla yake. Vidole havisikii lakini kichwa kinakata bado, anasema ingiza mkasi, pinda, hapo hapo simama, na binti anakata. Mtoto wake wa Dar akamkatia bima ya CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, wakati ule ilikua 30,000 kwa kaya kwa mwaka, na hiyo aliipokea akaionyesha msikitini, mwanangu kanikatia bima. Hakuna neno "asiye na uwezo" mle.

Kliniki nilienda nae safari moja, nilimuomba anisindikize mimi. Nikamweleza daktari vyote mbele yake, babu anaangalia dirishani. Daktari alitoa glibenklamidi kabisa akabakiza metfomini, akaandika pembeni kwamba aulizwe kuhusu mlo kila akija. Yule kijana alinyong'onyea kidogo, akasema mama mimi niliuliza dawa, chakula sikuuliza. Nikamwambia na mimi nilikua nauza sikuuliza, tuko wawili.

Kwangu dukani nilibadilisha kitu kimoja. Siku hizi mzee yeyote wa sukari au presha nikiona anashuka kutoka vidonge 30 kwenda 10, simuulizi kama ana hela, atasema anayo tu. Wala simuulizi amekula, maana watu wa kwetu kwenye "umekula?" jibu ni "ndio" hata kama wiki haijaingia kitu. Namuuliza jana mlipika nini. Hapo mtu inabidi afikirie, na asiyepika utamjua kwenye lile tuo lake kabla hajajibu.

Sio kwamba mambo yamekaa sawa. Binti kapata mchumba wa Kasulu na mahari imeshaongelewa, akiondoka sijui nani ataipigia magoti ile cherehani, nimeanza kutafuta kimya kimya. Mguu wa kushoto wa babu una kidonda kidogo kwenye kisigino ambacho aliniambia ni gaga, nimekiangalia sio gaga. Na karatasi ya ustawi bado ipo droo langu la pili, haijasainiwa.

Juzi dogo kaja na noti, kasema babu anataka 60. Nikahesabu. Nikamuuliza jana mlipika nini. Akasema dagaa, na babu alimaliza kabla yetu, halafu akamgombeza dada eti chumvi imezidi.